Kikapu cha mboga za kilimohai Nakuru: uzoefu wangu wa miezi mitano

Huu ni mwezi wa tano naletewa kikapu cha mboga kila Jumamosi hapa Section 58. Kwa shilingi 700 napata sukuma wiki, managu, terere, karoti, dania na chochote kilichokomaa wiki hiyo. Kabla ya kikundi hiki cha wakulima nilikuwa na muuzaji mwingine, na huyo ndiye aliyenifunza kuuliza maswali.

Pakiti zake zilikuwa nzuri, zimeandikwa "organiki" kwa kijani. Siku moja naosha sukuma, naona unga mweupe umeganda pale kikonyo kinapoungana na jani. Nikanusa: harufu ya dawa ya kupuliza shambani. Nikampigia. "Mama, usijali, hii imepitishwa na serikali." Nikamwomba namba ya cheti. Sijaipata hadi leo.

Wengi wetu tunachanganya mambo hapa. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, haisemi kwamba chakula kimelimwa bila kemikali. Alama ya kilimohai ya Afrika Mashariki ni nyingine, inaitwa Kilimohai, na inafuata viwango vilivyopitishwa 2007. Mkulima hukaguliwa na kampuni ya uthibitishaji, au na wakulima wenzake ndani ya kikundi. Ile ya KEBS siidharau. Natuma namba ya kibali kwa SMS kwenda 20023 kuihakiki kila nikinunua unga nisioujua. Ila Novemba 2019, chapa tano za unga wa mahindi ziliposimamishwa kwa sababu ya sumukuvu (sumu ya ukungu kwenye nafaka), moja ilikuwa jikoni kwangu, ina alama, na nusu yake tulikuwa tumeshawalisha watoto. Uchungu ule haujaniisha.

Ndiyo maana hawa wa sasa niliwaomba nione shamba kwanza. Wakanikaribisha kwao Bahati, karibu na Nakuru. Mama mmoja wa kikundi akanifungulia daftari lenye madoa ya udongo: tarehe, kipande cha shamba, mdudu aliyeonekana, walichotumia. "Vidukari kwenye kabeji, majivu na maji ya pilipili." Ukurasa mwingine ulionyesha mwenzao amesimamishwa kuuza kupitia kikundi kwa kupuliza dawa ya dukani kwenye nyanya zake. Hakuuficha. Ukurasa huo ndio ulionifanya nilipe siku hiyo hiyo.

Kasoro zipo. Bei ni juu kuliko soko la Wakulima, managu huja na matundu, na Jumamosi moja boda alichelewa hadi terere ikanyauka. Ningependa pia mboga zipimwe maabara angalau mara moja kwa mwaka, nimewaambia hivyo.

Nyanya sijaziona wiki tatu. Nilipouliza, yule mama akanijibu, "Mvua imezimaliza, dadangu. Tungepuliza dawa zingepona, lakini hatungekuletea wewe."