Hita ipi ya maji ununue? Hesabu kwanza lita na digrii

Kabla ya kuulizia bei dukani, zidisha lita za maji utakazotumia kwa digrii za joto unazotaka kuongeza, kisha gawanya kwa 860. Jibu ni uniti za umeme, zile zile zinazopungua kwenye LUKU. Ndoo ya lita 20 iliyokingwa Njombe alfajiri, tuseme ikiwa na digrii 15, ukitaka ifike digrii 40 itakula uniti 0.58 hivi. Hakuna hita ya koili itakayofanya kazi hiyo kwa uniti chache zaidi, hata muuzaji aisifu vipi. Kinachozitofautisha ni maji yanayopashwa bila kutumika, na joto linalopotea yakisubiri mwogaji.

Ndiyo maana naiweka mbele shawa ya umeme ya papo hapo, inayopasha yale tu yanayokumwagikia. Hata hivyo, hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha: shawa ya kilowati 5.5 ikipokea maji ya digrii 27, kama ya Dar es Salaam, hutoa lita 6 za maji ya digrii 40 kwa dakika, lakini kwa maji ya Njombe hutoa lita 3 tu, kwa hiyo mkazi wa nyanda za juu asinunue kwa kufuata sifa alizosimuliwa na ndugu yake wa pwani. Vilevile huvuta takribani ampea 24. Idaie waya wake yenyewe, breka yake na waya wa ethi, na fundi anayetaka kuiunga kwenye waya wa taa mkatalie kabisa.

Mwenye nyumba yake na paa linalopata jua anaweza kuipita shawa hiyo kwa hita ya jua. Tangi la lita 150 likiongezewa digrii 35 na jua huokoa uniti 6 kwa siku, ingawa gharama ya kuanzia ni kubwa na siku za ukungu huhitaji umeme wa akiba.

Tangi la umeme la lita 50 naliweka nafasi ya tatu. Kulifikisha digrii 60 kutoka 15 ni uniti 2.6, hata kama ataoga mtu mmoja. Linafaa familia inayooga kwa kufuatana.

Koili ya kutumbukiza kwenye ndoo ni rahisi kuliko zote, nami siishauri kwa nyumba yenye watoto, kwa kuwa ikiwa na hitilafu, maji yenyewe hubeba umeme.