Boksi la Spika Moja ya Inchi 12 kwa Mpiga Gitaa wa Nyumbani: Tathmini kutoka Mji wa Kale wa Lamu

Boksi ninalolitathmini hapa ni la spika moja ya inchi 12, lililoundwa na seremala wa hapa Lamu kwa plaiwudi ya milimita 18, na spika iliyomo ni Celestion Vintage 30 ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Kwa nje lina upana wa sentimita 50, kimo cha 45 na kina cha 28, hivyo nafasi ya ndani inakaribia lita 45. Ninalitumia kujifurahisha nyumbani na kurekodi, nami nimelilinganisha na boksi la spika mbili za inchi 12 pamoja na amplifaya ndogo yenye spika ya inchi 10, vyote katika chumba kimoja. Kwa anayeishi katika nyumba kama zetu, sijaona kipimo kinachofaa kuliko hiki.

Chumba ndicho kinachoamua. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zilijengwa kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, na kuta zake nene zilizopigwa chokaa huirudisha sauti badala ya kuinyonya. Chumba changu kina upana wa mita 2.8. Kwa joto la huku, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo kuta hizo mbili zinazotazamana huyavimbisha masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde) yaliyo karibu na hezi 62 na hezi 125. Hayo ya pili yanakaribiana mno na noti ya B, ile inayotoka uzi wa tano ukibanwa kwenye freti ya pili. Nilipolipiga boksi la spika mbili, lililofungwa nyuma, noti hiyo moja ilinguruma na kuzifunika zilizoifuata, hata mstari wa besi ukawa hausomeki tena. Boksi la spika moja nalo huichokoza noti hiyo, ila si kwa kiasi hicho, na nikilisogeza nusu mita kutoka ukutani mngurumo hupungua ukavumilika. Zidaka za ukutani, kwa waliojaliwa kuwa nazo, huzitawanya sauti nyembamba na kuupunguza ukali wa mwangwi, lakini besi haizijali.

Ukubwa wa sauti nao unahitaji kupimwa kwa makini. Vintage 30 hutoa desibeli 100 kwa wati moja tu, ukipima mita moja mbele yake, na hicho ni kishindo kikubwa kwa chumba cha kulala. Kushuka kutoka wati 20 hadi wati 2 ni kupunguza desibeli 10, tofauti ambayo sikio huihesabu kuwa kama nusu. Kwa sababu hiyo anayenunua amplifaya ndogo akitarajia kuwastarehesha majirani hupata nafuu ndogo kuliko alivyofikiri, hasa huku ambako nyumba zimeshikana na nyingine zimeunganishwa kwa wikio juu ya kichochoro. Mimi huteremsha sauti siku zote, na wakati wa adhana na sala huzima kabisa.

Hapo ndipo wengi huikimbilia spika ya inchi 10. Ni spika nzuri, hujibu upesi, na kwa mpigaji wa rumba anayependa uzi safi unaong'aa ningeipendekeza bila kusita. Hata hivyo, sauti inapokuwa ndogo sikio la binadamu huipoteza besi kwanza, kwa hiyo spika ndogo inayopigwa kwa sauti ya chini huliacha gitaa likiwa kavu. Inchi 12 hufidia upungufu huo.

Katika kurekodi, faida ya boksi kubwa karibu inatoweka yote, kwa kuwa maiki iliyowekwa karibu husikia spika moja, hata zikiwa nne. Ninatumia Shure SM57, sentimita mbili au tatu kutoka kwenye kitambaa cha mbele. Ikielekezwa katikati kabisa, penye kile kikofia cha spika, sauti hutoka kali na yenye kuchoma. Nikiisogeza hadi ukingo wa kikofia, ukali unalegea na mwili wa noti unajitokeza. Nikizidi kuelekea pembeni, gitaa hufifia. Sentimita moja tu hubadilisha zaidi ya vitasa vyote vya amplifaya. Panka lazima lizimwe, hata kama joto linaumiza.

Nilimwomba fundi agawanye mgongo wa boksi vipande viwili, cha juu kiweze kufunguliwa. Likifungwa lote, besi hubana na kuwa imara. Likiwa wazi, sauti huenea chumbani kwa upole zaidi, na ndivyo ninavyolipenda ninapopiga bila kurekodi. Mwenye amplifaya ya valvu (ile ya taa za kioo) ahakikishe omu zinalingana na tundu analotumia, kwani spika mbili za omu 8 huwa 4 zikiungwa sambamba na 16 zikiungwa mfululizo, na asiiwashe kamwe bila spika.

Uzito ni jambo ambalo mtu wa mji wenye magari hulipuuza. Boksi la spika nne hupita kilo 30, na mzigo kama huo ukishuka kwenye boti kutoka Mokowe utategemea punda au mkokoteni, kisha ngazi nyembamba za nyumbani. Hili langu hulipandisha mtu mmoja.

Lawama yangu moja ni skurubu: za chuma cha kawaida zilianza kushika kutu upesi kwa upepo wa chumvi. Atakayeagiza kwa fundi adai za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na alifunike boksi kwa kitambaa kikavu msimu wa mvua, kwa sababu koni ya spika ni karatasi na karatasi hunywa unyevu.