Benz, BMW au Audi iliyotumika: ipi ununue kama fundi ni wewe mwenyewe

Wengi wakitafuta gari la Mjerumani lililotumika huangalia nembo, mwaka na kilomita. Kama mkono utakaoshika spana ni wako, anza na injini. Magari mawili yanaweza kufanana kuanzia taa hadi viti, lakini moja ukalimudu uani Jumamosi na lingine likakumalizia akiba. Kabla hujatoa arbuni, chukua namba ya chesisi, iingize mtandaoni kwenye visomaji vya chesisi, ujue limefungwa injini gani. Nimepanga kwa kigezo kimoja tu: kazi unazoweza kufanya bila kushusha injini.

1. Mercedes C180 na C200 Kompressor (W203 za mwisho, W204 za mwanzo; namba hizi, kama E90 na B8 hapo chini, ni za toleo la umbo la gari)

Injini ni M271 ya silinda 4, na kwa za otomatiki giaboksi ni ile ya gia 5, 722.6, ambayo mafundi wameizoea. Spea zipo, mpya na za kuchomoa, Kariakoo na Ilala kwa Dar, Kirinyaga Road kwa Nairobi.

Ukienda kuikagua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Unataka kuisikia ikiwaka baridi, kwa sababu cheni ya taiming iliyolegea hupiga kelele sekunde zile za mwanzo, kisha hunyamaza kana kwamba hakuna kitu. Halafu angalia mbele ya injini, juu, kwenye sumaku mbili za kamshafti. Chomoa soketi yake, ingiza ncha ya tishu. Tishu ikitoka na oili, ujue oili imeanza kusafiri ndani ya waya kuelekea kwenye sensa na kompyuta ya injini. Sumaku zenyewe unabadilisha mwenyewe kwa dakika chache. Waya na kompyuta ni hadithi nyingine, na hapo ndipo bei inashushwa.

2. BMW 323i na 325i (E90) yenye injini N52

Kwa raha ya kuendesha ningeiweka ya kwanza. Silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, haina tabo, na ukifungua boneti nafasi ya mikono ipo. Lakini hakikisha ni N52 kweli, maana jina la 325i limewahi kubeba injini zaidi ya moja.

Magonjwa yake yanajulikana: gaskiti ya kava ya valvu, gaskiti ya nyumba ya filta ya oili, na pampu ya maji ya umeme, ambayo hufa bila kuaga. Pampu hiyo inafungwa kwa bolti za alumini zinazotumika mara moja tu. Nunua mpya pamoja na pampu. Kutoa hewa kwenye mfumo wa kulanti baada ya kuifunga hakuhitaji kompyuta: unganisha chaja ya betri, washa swichi bila kuwasha injini, weka hita joto la mwisho na feni ya chini, kanyaga mafuta mpaka mwisho kwa sekunde 10, uachie. Pampu itazunguka yenyewe kama dakika 12. Ongeza kulanti, basi.

Haina kijiti cha kupimia oili, kipimo unakisoma kwenye dashibodi. Na inakunywa lita 6.5 kila sevisi, piga hesabu mapema.

3. Mercedes E200 Kompressor (W211), kuanzia nusu ya pili ya 2006

Za kabla ya hapo zina breki za SBC, yaani zinazoendeshwa na kompyuta na pampu ya presha. Mfumo ule unaweza kujaza presha wenyewe na kukubana vidole wakati unabadilisha pedi, na pampu yake ni ghali. E350 na E280 za miaka hiyo ziache pia: gia ya balansishafti (shafti ya kutuliza mtikisiko) kwenye injini yao ya M272 ikilika, injini inashuka.

4. Audi A4 (B8) 2.0 TFSI

Gari zuri, ila nyingi zinakula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Ukikuta galoni ya oili kwenye buti, umeshajibiwa.

5. BMW 320i yenye N46

Ndiyo ya bei rahisi sokoni, na sababu ipo. Iache isimame ikiunguruma dakika kumi, kisha kanyaga mafuta: moshi wa bluu ni sili za valvu, na kuzibadilisha kunahitaji kifaa maalumu cha Valvetronic, mfumo wa BMW unaobadilisha kimo cha kufunguka kwa valvu. Chochote chenye suspensheni ya upepo nakiweka chini ya hii.

Kabla ya gari, nunua seti ya Torx na E-Torx (za bolti za nyota), stendi imara za jeki, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), na kisomaji kinachoelewa gari lako hasa, siyo kile cha bei chee kinachosoma taa ya injini pekee. Kwenye E90 hata betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta, la sivyo gari litaendelea kuichaji kama ile kuukuu.