Poda ya viroboto: kibandiko cha bei juu ya onyo la paka

Usimpake paka poda hii. Nalitanguliza hilo kwa kuwa duka la dawa za mifugo lililoniuzia, hapa hapa Mombasa, halikulisema, na nilipouliza nikajibiwa kwa ubishi. Mnyama nilimweleza vizuri kabisa: paka shume wa uani, anakuja kula na kwenda zake, hashikiki. Manyoya yamenyonyoka kuanzia kiunoni hadi shina la mkia, na shingoni ana vipele vyenye ukoko, ukivipapasa ni kama punje za mtama. Nikaomba matone ya paka, yale ya kutia shingoni. Nikapewa kopo la poda: "Hii inaua kila kitu."

Kopo lina picha ya mbwa. Nyuma wamebandika bei, na kibandiko kimekaa juu ya mistari ya mwisho ya maelezo. Nilikikwangua kwa ukucha palepale kaunta. Chini yake limeandikwa jina la dawa, permethrini, na pembeni kuna mchoro wa kichwa cha paka uliokatwa kwa mstari mwekundu. Mchoro wenyewe haufiki ukubwa wa punje ya mahindi. Makopo mengine matatu rafuni yamebandikwa bei mahali hapohapo.

Nikamwonyesha kijana anayeuza. Akasema, "Mzee, mnyama ni mnyama. Wenzako wananunua kila siku na hakuna aliyerudi kulalamika."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Paka shume akipakwa sumu harudi mlangoni kukuonyesha. Anajikokota uvunguni mwa nyumba au nyuma ya mapipa, anafia huko, na aliyempaka anadhani amehama mtaa. Nani arudi dukani kulalamika? Kimya hicho kijana anakihesabu kuwa ushahidi kwamba dawa ni nzuri.

Mbwa ana uwezo wa kuivunja permethrini mwilini na kuitoa. Ini la paka limepungukiwa na uwezo huo, kwa hiyo sumu inabaki na kushika mishipa ya fahamu. Utaona masikio na ngozi vinachezacheza, udenda, kuyumba, kisha mwili mzima kutetemeka na hata kifafa. Mara nyingi huanza baada ya saa chache, lakini huweza kuchelewa hadi siku ya pili au ya tatu. Kama umeshampaka, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Yasiwe ya moto, maana ngozi ikipata joto hunyonya zaidi. Mkaushe, mfunge taulo asipigwe na baridi, na umkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usijaribu kumtapisha. Na ukikuta kwenye kopo jina lolote linaloishia na herufi "thrin", usimtie paka mpaka daktari akubali.

Haki isemwe: mwenye duka alitoka nyuma, akasikia ubishi, akaleta matone ya fipronili ya paka, muda wake haujapita, pakiti haijafunguliwa. Dawa hiyo ni nzuri. Kwa sababu yake nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu. Kichupa kimoja ni nusu mililita, kinamtosha paka aliyezidi kilo 1 na wiki 8.

Kwa paka asiyeshikika kazi yote iko kwenye maandalizi. Mlishe saa ileile, mahali palepale, kwa siku tano au sita, na kila siku mguse kisogo akiwa ameinamia chakula. Siku ya dawa, kivunje kichupa mbali naye, kwa sababu ule mlio wa "tak" unamkimbiza, halafu kifiche kiganjani kipate joto, maana tone baridi humrusha. Tenga manyoya kwa vidole viwili chini kidogo ya fuvu, mpaka uione ngozi, bana kichupa mara moja, maliza. Ukimwaga juu ya manyoya umeipoteza dawa. Ukiitia chini sana, kati ya mabega, paka mwepesi anaweza kuifikia kwa ulimi; akilamba atatoa udenda mwingi kwa muda kwa sababu ya uchungu. Penye kidonda kibichi usitie, sogea pembeni. Na asioshwe siku mbili kabla wala siku mbili baada.

Kama hata kisogo haruhusu, ipo tembe ya nitenpiramu ya miligramu 11.4, ya kuficha kwenye donge la samaki. Huanza kuua viroboto ndani ya nusu saa, lakini kesho yake nguvu imekwisha. Duka hili hawana. Selamektini, matone mengine ya kutia shingoni, nayo hawana, nami ningeipendelea kwa paka anayekuna masikio, kwa sababu huua na utitiri wa masikioni.

Wengi wanasema matone hayafanyi kazi kwa sababu baada ya wiki wanaona viroboto tena, wakaongeza dozi. Hao si waliosalia, ni wapya. Viroboto unaowaona juu ya paka ni wachache. Mayai hudondoka anapolala, mabuu hujificha kwenye nyufa na vumbi, na dawa haipenyi kifukofuko chao. Kwa joto na unyevu wa pwani, yai linaweza kuwa kiroboto ndani ya wiki tatu hivi. Kwa hiyo tia dawa kila mwezi, miezi mitatu mfululizo, kwa kila paka anayekula sahani ileile. Gunia analolalia lichemshe kila wiki, lianike jua kali, fagia nyufa na uchome taka. Bila hilo unanunua matone bure.

Hakikisha kwanza ni viroboto. Pitisha kichana cha chawa au okota yale madoa meusi kama unga wa pilipili manga anapolala, yaweke kwenye pamba iliyolowa. Yakitoa wekundu, hiyo ni damu iliyopitia tumboni mwa kiroboto. Yasipotoa, na manyoya yametoka kwa mviringo, huenda ni choa. Ukoko mzito masikioni na usoni huenda ni upele wa utitiri. Hayo yanataka daktari.

Ngozi yenyewe haihitaji mambo mengi. Mate ya kiroboto ndiyo yanayowasha, na kwa paka mwenye mzio kuumwa mara chache kunatosha kumfanya ajinyonyoe. Viroboto wakiisha, muwasho unapungua na manyoya hurudi baada ya wiki kadhaa. Kama anakubali kuguswa, lainisha ukoko kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai, sawasawa na ukingo, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Usipake mafuta ya taa. Usitumie dawa ya kusafishia inayogeuka nyeupe kwenye maji. Usimpe paracetamol kwa maumivu, hata kipande, inaua paka. Kidonda kikitoa usaha au harufu, hapo anahitaji antibiotiki kutoka kwa daktari. Na ukiona chembe kama za mchele chini ya mkia ni tegu, aliyempata kwa kumeza viroboto, na dawa yake ni prazikwanteli.

Sasa nirudi dukani, kwa sababu nyota tatu hazikudumu. Nikiwa nalipa, kijana yuleyule akanitolea chupa ya ivermektini ya ng'ombe, dawa ya sindano ya minyoo na utitiri: "Chukua na hii, mtie kidogo tu." Kidogo kiasi gani? Chupa ile ni asilimia 1, mililita moja ni ya mnyama wa kilo 50. Kwa paka wa kilo 3 hesabu inatoka mililita 0.06, kiasi ambacho bomba la kawaida la sindano halipimi. "Kidogo tu" ya mkono wake ingekuwa dozi ya mbuzi. Na zaidi ya hayo, ivermektini haiui viroboto! Anauza sumu isiyopimika kwa ugonjwa isiyoutibu, na mwenye duka amesimama pale anasikia.

Nilimwomba mwenye duka jambo moja, ahamishe vibandiko vya bei viende kwenye kifuniko. Akasema, "Sawa mzee, tutaangalia." Mwezi ulipotimia nilirudi kununua kichupa cha pili. Makopo rafuni yalikuwa mawili, vibandiko viko palepale. Matone yao nanunua kwa sababu karibu hapa hakuna kwingine, nao nawapa nyota moja. Hilo kopo la tatu limepakwa kwa nani?