Mwaka Mmoja wa Maua ya Msimu Buruburu: Uzoefu Wangu na Miche ya Vitalu vya Kando ya Barabara

Kwa miaka kumi na mmoja kiwanja kilicho mbele ya nyumba yetu hapa Buruburu, Nairobi, hakikuwa na kitu ila nyasi na bogenvilia moja langoni, mmea ninaouheshimu kwa uvumilivu wake lakini ambao huchanua unapotaka wenyewe. Machi 2024 niliamua kutengeneza tuta la maua chini ya dirisha la sebuleni, lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita moja na nusu, na kulijaza maua ya msimu, yaani yale yanayoota, kuchanua, kutoa mbegu na kufa ndani ya miezi michache. Nilitaka rangi isiyokatika. Tangu hapo nimepanda mara kadhaa, nimenunua miche kwenye vitalu viwili na mbegu pakiti moja, na ninaandika nikiwafikiria wale walio na kiwanja kama changu na wasiotaka kupoteza fedha kama nilivyopoteza mwanzoni.

Kitalu cha kwanza sitakitaja. Nilinunua miche 60 kwa shilingi 40 kila mmoja, jumla shilingi 2,400, na niliichagua kwa macho tu: kila mche niliouchukua ulikuwa tayari umechanua. Marigoldi zilikuwa na vichwa vikubwa vya rangi ya chungwa, petunia zilikuwa zambarau na nyeupe, na muuzaji alinihakikishia kwamba petunia zitastawi hata upande wa tuta usiopata jua. Baada ya wiki tatu miche 22 ilikuwa imekufa. Nilipoing'oa ndipo nilipoona kilichotokea: mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya mfuko mdogo wa plastiki hadi ikawa kama kitambaa kilichosokotwa, na haikuwa imetoka hata kidogo kuingia kwenye udongo wangu. Nazo petunia za kivulini zilikuwa zimerefuka, zimepauka na hazikutoa ua jingine, kwa sababu petunia ni mmea wa jua na hakuna ahadi ya muuzaji inayoweza kubadilisha jambo hilo.

Sehemu ya kosa ilikuwa yangu, na ilitokana na udongo. Wanaoishi upande wetu wa Eastlands wanaujua udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza vidole na mvua ikinyesha hunata kwenye jembe na kushikilia maji kwa siku nyingi. Maua ya msimu yana mizizi mifupi na maisha mafupi, hivyo hayana muda wa kuuzoea udongo mbaya jinsi mti unavyoweza. Mara ya pili niliinua tuta kwa sentimita 20 kwa kuzungushia mawe, nikachanganya udongo mwekundu, samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo, kisha nikaliacha wiki mbili kabla ya kupanda. Kazi hiyo ilinigharimu zaidi ya miche yenyewe, lakini nikiambiwa nichague kati ya miche bora na udongo bora, nitachagua udongo bila kusita.

Mvua za Aprili mwaka huo zilikuwa za mafuriko, kama wakazi wote wa Nairobi wanavyokumbuka, na maua yangu madogo hayakuwa jambo la kulilia wakati watu walikuwa wakipoteza nyumba zao. Hata hivyo, niliona kitu ambacho kimenisaidia tangu wakati huo. Ua la petunia lina petali nyembamba na umbo la tarumbeta, na mvua kubwa huligeuza kuwa tambara lililoganda kwenye shina, ambalo lisipoondolewa huoza na kuambukiza ukungu sehemu iliyobaki. Marigoldi zenye vichwa vizito zilijaa maji na kuinama. Zilizosimama wima ni salvia nyekundu na marigoldi fupi za Kifaransa, zile zenye vichwa vidogo. Kwa hiyo siku hizi petunia nazipanda mwishoni mwa Mei, mvua kubwa zinapopungua, nazo hufurahia ubaridi wa Juni na Julai ambao maua mengine huuona kuwa adhabu.

Mwezi Juni nilikwenda kwenye kitalu cha pili, kando ya Barabara ya Kiambu, na huko nilikutana na mama wa makamo aliyenihudumia kwa njia tofauti kabisa. Nilipoinama kuchukua mche uliokuwa na ua, alinizuia. "Huo uache, mama. Umeshazeeka kwenye mfuko. Chukua hii ambayo haijachanua, uwe na subira wiki tatu." Aliutoa mche mmoja kwenye mfuko wake mbele yangu ili nione mizizi myeupe iliyoanza tu kufika ukingoni, kisha akauliza jua linafika saa ngapi kwenye tuta langu na linaondoka saa ngapi. Nilimwambia upande mmoja unapata jua kuanzia saa tatu hadi saa kumi, na upande wa pili umefunikwa na ukuta wa jirani. Akanigawia miche kulingana na maelezo hayo, 60 kwa shilingi 35 kila mmoja, na kati ya yote ni minne tu iliyokufa. Huduma ya namna hiyo ndiyo ninayoisifu hapa, kuliko aina yoyote ya ua.

Yako maelezo mengi ya maua haya yaliyoandikwa Ulaya, na ukiyafuata ukiwa Nairobi utapotea. Huko maua ya msimu hupandwa baridi kali ya barafu inapokwisha na huchanua hadi barafu inaporudi, kwa hiyo msimu mmoja ni majira yote ya joto. Sisi tuko digrii moja na ushei kusini mwa ikweta, mchana wetu ni wa karibu saa 12 mwaka mzima, na barafu haituamulii lolote. Mimea kama kosmosi na marigoldi ndefu huharakishwa kuchanua na mchana mfupi, ndiyo maana hapa huanza kutoa maua ikiwa bado midogo na huchoka mapema. Kwangu mimi, tuta moja lililopandwa kwa mara moja lilinipa rangi nzuri kwa muda wa miezi mitatu, na minne nilipolihudumia kwa bidii. Anayetaka rangi mwaka mzima itambidi apande kwa zamu: mwezi Machi mvua zinapoanza, mwishoni mwa Mei, na tena Oktoba kabla ya mvua za vuli, akianza kukuza miche ya zamu inayofuata wakati ile ya sasa ingali inapendeza.

Katika maua yote niliyojaribu, zinia ndiyo iliyoniteka moyo. Sikuinunua kama mche bali kama mbegu, pakiti ya shilingi 150, kwa kuwa zinia haipendi kusumbuliwa mizizi na huota haraka, siku tano hivi baada ya kupandwa. Niliipanda moja kwa moja kwenye tuta mwezi Oktoba, na katikati ya Desemba nilikuwa na mimea zaidi ya 40 ya waridi, manjano, nyekundu na rangi moja ya chungwa iliyokolea ambayo ilionekana kutoka barabarani. Vipepeo walikuja. Watoto wa jirani walikuwa wakisimama langoni wakiwahesabu. Zinia hustahimili jua la Januari kuliko nyingine zote nilizonazo, maana asili yake ni Meksiko. Ila nilipozirudia mwezi wa Juni uliofuata, ubaridi na mawingu viliziletea ubwiri unga, ule ugonjwa unaofunika majani kwa vumbi jeupe kama unga ulioanguka, na nikalazimika kuzing'oa zote. Zinia zipandwe wakati wa joto, zipeane nafasi ya sentimita 30, na zimwagiliwe chini kwenye udongo wala si juu ya majani.

Upande wa kivuli, ambako petunia zilikufa, yule mama alinipa impashensi, na hapo nilipata mshangao wa mwaka. Ua hili, ambalo nchi za baridi hulihesabu kuwa la msimu mmoja kwa sababu tu barafu huliua, asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki, na hapa linaweza kuishi zaidi ya mwaka likipata unyevu. Miche yangu 12 ya Juni 2024 ilichanua bila kupumzika hadi Juni iliyofuata. Ilipoanza kurefuka na kubaki na vijiti vitupu, niliikata hadi sentimita 10, nikapanda vipande nilivyokata ndani ya mchanga wenye unyevu, na karibu vyote vikatoa mizizi. Maganda yake ya mbegu yakikomaa hupasuka ukiyagusa, na ndiko lilikotoka jina lake, neno la Kilatini lenye maana ya kukosa subira.

Kosmosi niliziharibu kwa ukarimu. Niliziongezea samadi na konzi ya CAN, mbolea ya dukani yenye nitrojeni, zikapanda hadi kunifika kifuani zikiwa na majani mazuri na maua machache, kwa sababu nitrojeni nyingi hulisha majani. Hazitaki kulishwa.

Jambo ambalo limeongeza umri wa maua yangu kuliko mbolea yoyote ni kukata yaliyonyauka. Mmea wa msimu una kusudi moja, kutoa mbegu kabla haujafa, na ukishazitoa huona kazi yake imekwisha. Kila ninapoondoa ua lililonyauka kabla mbegu hazijakomaa, mmea hujaribu tena kwa kuchanua upya. Nafanya hivyo asubuhi ya Jumatano na Jumamosi, dakika 20 kila mara, na sikati petali peke yake bali nashuka hadi juu ya majani mawili ya kwanza ili uvimbe wa mbegu uondoke pia. Wakati mmoja nilisafiri kwenda kumwuguza mama mkwe huko Machakos, na niliporudi baada ya wiki tatu marigoldi zote zilikuwa kahawia. Nilizikata, nikazimwagilia, na nusu yake zilirudi.

Maji ndiyo gharama ambayo sikuitarajia. Mfereji wetu hutoa maji siku mbili kwa wiki, na mwezi Februari tuta lilihitaji mitungi miwili ya lita 20 kila jioni. Natumia maji ya kusuuzia mboga na mchele, nimetandaza majani makavu juu ya udongo ili usikauke upesi, na kiangazi kinapozidi naacha upande wa jua uwe na zinia pekee.

Tayari nimempigia simu yule mama wa Barabara ya Kiambu kuhusu zamu ijayo. Nimemwomba aniwekee petunia 20 na salvia 20, zote zikiwa hazijachanua, na atanipigia mizizi ikifika ukingoni mwa mfuko.