Mkia wa TAP kwa kunasa ribosomu changa za hamira: hatua ya kwanza safi, ya pili ina walakini

Ribosomu ni mtambo wa seli wa kutengeneza protini. Iliyokomaa ya hamira ya mikate, Saccharomyces cerevisiae, ina protini 79 na RNA nne. Protini saidizi zinazoijenga, mbali na hizo, ni zaidi ya 200, na huachia kwa zamu kabla ribosomu haijaanza kazi. Kwa hiyo ukisafisha ribosomu iliyokomaa hutaziona. Ni lazima uzinase ujenzi ukiwa unaendelea. Zana iliyozoeleka kwa kazi hiyo ni mkia wa TAP, kipande cha protini cha kusafishia kwa hatua mbili, uliotoka EMBL, maabara ya Ulaya ya biolojia ya molekuli, Heidelberg, mwaka 1999, na kwa sehemu kubwa bado unastahili sifa zake.

Mkia huo huunganishwa kwenye mwisho wa protini unayoitumia kama chambo. Una vipande vitatu: kipande kinachoshika kalmodulini (protini inayofanya kazi kwa kalisi), mahali pa kukatwa na kimeng'enya cha TEV, kisha protini A inayong'ang'ania kingamwili za IgG. Huhitaji kuanza na PCR, yaani kunakili DNA ili kutia mkia mwenyewe, kwani tangu 2003 upo mkusanyiko wa hamira zaidi ya 4,000 zilizokwisha kutiwa mkia. Ila zipime kabla ya kuziamini. Panda hamira yako na mzazi wake asiye na mkia katika nyuzi 23, 30 na 37. Kasoro za kuunda ribosomu hupenda kujitokeza kwenye baridi, na chambo kilicholemaa kitakuletea chembe (ribosomu changa) zilizokwama.

Kuchagua chambo ndiyo nusu ya kazi. Utp10 huleta chembe ya 90S, ya mwanzo kabisa. Ssf1 huleta hatua za awali za kipande kikubwa cha ribosomu, Rix1 huja pamoja na Rea1, na Lsg1 hukupa zile zilizokwisha kutoka nje ya kiini. Arx1 huanzia ndani ya kiini na kufuata chembe hadi nje, hivyo mavuno yake ni mchanganyiko. Kwa anayeanza, Nog2 ndiyo chaguo letu. Hukaa pale ambapo Nmd3, protini ya kuisafirisha chembe, itakuja kushika. Nog2 isipoondoka, Nmd3 haipati nafasi. Chembe za Nog2 ndizo zilizotoa umbo la takriban angstromu 3 kwa hadubini ya elektroni ya baridi mwaka 2016. Humo RNA ya 5S, pamoja na protini za ribosomu Rpl5 na Rpl11, inaonekana imegeuka karibu nyuzi 180 kutoka mkao wake wa mwisho.

Hatua ya IgG haina matata. Lita mbili za hamira zinatosha kuanzia. Zisage zikiwa zimeganda, na bafa iwe na Tris mM (milimola) 20 ya pH 7.5, NaCl mM 100, MgCl2 mM 2, DTT mM 1 na sabuni ya NP-40 asilimia 0.1. Zungusha mchuzi kwa kasi kwenye mashine mpaka uwe mwangavu, uache na shanga za IgG saa moja au mbili kwa nyuzi 4, osha, kisha kata kwa TEV saa mbili kwa nyuzi 16.

Wengi huharibikiwa kwa sababu ya vidonge vya kuzuia protisi, vimeng'enya vinavyokata protini. Chukua visivyo na EDTA. EDTA hunyakua magnesi, na bila magnesi RNA hulegea, chembe husambaratika, ukabaki na chambo na majirani zake wachache. Ukiona jeli ya kutenganisha protini ina mistari mitatu minne tu, anza kukagua hapo. Chumvi nayo ina mpaka: ukipandisha NaCl ili kupunguza uchafu, protini zilizoshika kwa ulegevu ndizo hutangulia kuondoka.

Walakini upo kwenye hatua ya pili, ya kalmodulini. Shanga zake hushika tu palipo na kalisi, takriban mM 2, na huachia kwa EGTA ya mM 2 hadi 5. EGTA hupendelea kalisi kuliko magnesi, kwa hiyo chembe hustahimili, lakini mavuno hupungua sana, na protini za hamira zinazopenda kalmodulini huingia bila kualikwa. Kwa chambo adimu hasara hiyo haivumiliki. Mkia wa Flag-TEV-protini A, wenye kipande kifupi cha Flag badala ya kile cha kalmodulini, ni bora: hatua ya kwanza ni ileile, ya pili hutolewa kwa peptidi ya Flag bila kugusa kalisi. Peptidi hiyo ni ghali, basi tumia ujazo mdogo wa shanga. Pia unaweza kutia protini A kwenye chambo kimoja na Flag kwenye kingine, ukapata tu chembe zilizobeba vyote viwili.

Ukiishia hatua ya kwanza kuokoa mavuno, usistaajabie mstari mnene wa karibu kDa (kilodaltoni) 27: ni TEV yenyewe. Baada ya kukata, kingamwili inayotambua protini A haitaona chambo tena. Tafuta inayotambua kipande kilichobaki. Na kwa Rix1 tumia jeli ya asilimia 4 hadi 12. Rea1 ina asidi amino 4,910, na kwenye jeli nzito hubaki imeganda mdomoni mwa kisima, watu wakadhani haikuja.