Tochi ya kwanza ya kambi: hii ya kuvuta kichwa iacheni dukani

Haya jamani, hamjambo nyote, karibuni. Leo nina hasira, kwa hivyo mnisamehe nikipandisha sauti. Mmeniandikia sana: "Tunaenda kupiga kambi Shimba Hills, ndiyo mara ya kwanza, tununue tochi gani?" Na anayeuliza anamalizia kwa picha ya hii hapa. Mnaijua. Nyeusi, fupi, kichwa ukikivuta mwanga unajikusanya, ukikirudisha unatawanyika. Digo Road imejaa, mtandaoni imejaa, hadi vibanda vya kava za simu wanazo.

Kwenye boksi wameandika lumeni 90,000, lumeni ndiyo kipimo cha wingi wa mwanga. Tisini elfu! Balbu ya zamani ya nyumbani, ile ya wati 60, ilikuwa ikitoa kama lumeni 800. Yaani nimeshika balbu zaidi ya mia moja kiganjani na wala siungui. Hiyo namba siizungumzii tena.

Ninachotaka mkione ni hiki kichwa. Sogeza kamera, baba. Sogea, hutalowa. Ndoo hii ina maji ya bahari, nimeyachota Nyali asubuhi, na mchanga kidogo chini, maana ndivyo ufuoni kulivyo. Naiwasha. Inawaka, sawa. Naizamisha kichwa kikiwa kimerudishwa, hakijavutwa: bado inawaka, na hapa ndipo muuzaji anakwambia umeona, haipiti maji, lete pesa. Sasa ikiwa humo humo majini, nakivuta kichwa. Tulieni. Nakirudisha... mmeviona viputo? Hiyo ni hewa inatoka, na mahali pake maji yameshaingia. Kichwa kinateleza juu ya kipete kimoja cha mpira, chembamba. Ukivuta, nafasi ya ndani inapanuka, na kilichoko nje kinafyonzwa. Hili ni bomba la sindano, si tochi. Navuta tena, narudisha. Haya, tuitoe.

Tazameni kioo. Ukungu huo. Na lile tone, liko upande wa ndani, nikiinamisha linakwenda, nikiinua linarudi. Mwanga ukutani umekuwa kama wingu. Nyamazeni kidogo msikie na hii: krr, krr. Mchanga huo, umeingia kwenye njia ya kichwa. Kuanzia leo kila ukivuta unakwangua rangi na kuula ule mpira, kwa hivyo safari ijayo itakunywa zaidi. Nafungua mkia... springi imelowa. Chumvi, chuma na betri vimeshakutana, hapo hapana maisha. Na sisi wa Mombasa wala hatuna haja ya kuizamisha, hewa ya hapa peke yake inakula magari.

Nisiidhulumu, lakini. Mwanga wake ukiukusanya unapendeza, unaona hadi kile kimraba cha LED yenyewe kimejichora ukutani. Stima zikikatika, iweke nyumbani, ni sawa kabisa. Ila kambini unatafuta pa kuweka mguu usikanyage kamba ya hema. Kumulika mnazi wa jirani kunakusaidia nini?

Na swichi yake! Usiku wa manane unataka mwanga hafifu utafute viatu. Unabonyeza: mkali. Unabonyeza tena: wa wastani. Hafifu, ukipita kidogo tu, kupepesa, pa-pa-pa-pa, hema zima limeamka. Macho yaliyozoea giza ukiyamulika hivyo, yanataka kama nusu saa kurudi sawasawa. Tochi nzuri ya kambi ukiiwasha inaanzia chini, au ina swichi ya kwenda moja kwa moja kwenye mwanga mdogo kabisa. Hilo mimi naliweka mbele ya lumeni zozote. Mia tatu halisi zinakutosha kutembea njiani usiku, na ndani ya hema hata kumi ni nyingi.

Sasa hii nyingine. Bomba tupu la alumini, kichwa hakiendi popote, mkia unafungwa kwa hesi na kipete cha mpira. Naitia ndoo hiyo hiyo ikiwa imewaka, naiacha humo tukizungumza. Tafuteni maandishi IPX7 au IPX8, ndizo alama za kuzuia maji. IPX7 maana yake inakaa mita 1 chini ya maji kwa dakika 30. IPX4 ni ya matone ya mvua tu, na vuli mnaijua. Ukiona na alama za ANSI FL1, afadhali, maana zile mita za mwanga kufika na saa za kuwaka zimepimwa kwa utaratibu mmoja. Ila msidanganyike na saa. Wanahesabu mpaka mwanga umebaki asilimia 10, kwa hivyo "saa 6" si saa 6 za mwanga ule ule.

Betri. Hizi za kuchaji za 18650 jina lake ni kipimo tu, upana milimita 18, urefu 65. Ukiona imeandikwa 9900 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba, irudishe. Nyingi zilizo nzuri zinafika kama 3500 hivi. Nyingi za uongo hata mkononi ni nyepesi. Nzima ina gramu 45 na zaidi kidogo, kwa hivyo mizani ya jikoni inatosha kuiumbua.

Majina? Sofirn, Wurkkos, Convoy, zote za China na bei zao zinavumilika. Mwenye nazo atazame Fenix. Kuna atakayeniambia Maglite, na ni chuma kweli, lakini ile ya betri kubwa utaibeba mgongoni mpaka maporomoko ya Sheldrick, huko Shimba? Hapana. Na simu si tochi, simu ni ya kuitia msaada, iachieni chaji yake.

Hata hivyo, nikifikiria zaidi, wewe unayekwenda kambi mara moja kwa mwaka chukua ya AA moja au mbili. Betri zake hata duka la Kwale utazipata. Ukirudi zitoe, usiziache ndani, alkalini hutoa maji yake yakagandisha kila kitu. 18650 ni ya yule anayejua atakuwa anaichaji. Na kama ina tundu la chaji la Taipu C, kile kifuniko chake cha mpira kibonyezwe hadi mwisho, maji huanzia hapo.

Haya, tuitoe ile ya ndooni. Inawaka. Kioo kikavu. Nafungua mkia... springi kavu, kipete kinang'aa. Ikitoka baharini isuuzeni kwa maji baridi ya mfereji, ikauke, halafu tone la grisi ya silikoni kwenye kipete. Mafuta ya kujipaka hapana, mpira wa aina nyingine huvimba.

Bei mtaniuliza tu. Ile ya kuvuta mia tano, mia sita hivi, hii imenifikia karibu elfu nne pamoja na betri. Ghali, najua, na hakuna aliyenilipa kuisema, mngeona ningekuwa na kamera mpya. Mlionilalamikia sauti ya video iliyopita, maikrofoni nimebadilisha.

Ijayo ni tochi za kichwani, na tayari nina moja ambayo mkanda wake umenikera kuliko hii. Jiandikisheni, bonyezeni kengele, na mniandikie mnakwenda kambi wapi, maana tochi ya ufuoni Tiwi na ya msituni Shimba siwezi kuwashauri sawa.